Kitanda cha Karani Mlangoni kwa Baba

Tarehe 9 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha. Asubuhi Karani alishindwa kusimama. Miguu ya mbele iliinuka, ya nyuma ikabaki kwenye vigae vya jikoni kana kwamba si yake. Hakulia. Alinitazama, kisha akatazama ukuta, kama mtu aliyekutwa na jambo la aibu.

Karani ni mbwa wa baba. Aliitwa hivyo kwa sababu hukaa mlangoni na kumkagua kila anayeingia, kama anayesubiri aonyeshwe kitambulisho. Sasa amezeeka. Daktari wa mifugo alifika kabla ya mchana, akamkanda nyonga, akasema ni viungo na baridi ya sakafu.

"Mtafutieni kitanda, mama. Kinene, lakini kisiwe laini. Pasiwe na upepo. Na kiwekwe mahali ambapo ataona watu. Mnyama mzee akiwekwa peke yake anakata tamaa."

"Na mimi je?" Shangazi aliuliza kutoka jikoni. "Godoro langu lina shimo tangu mume wangu yu hai, wala hakuna daktari aliyeitwa."

Naandika hapa jambo ambalo kazini sijamwambia mtu. Baba ameanza kutoka. Alikuwa muuguzi wa zamu ya usiku maisha yake yote ya kazi, na tangu mwaka jana, kumbukumbu zake zinapoporomoka, iliyobaki imesimama ni hiyo moja: jua likishuka, anakwenda kazini. Mwezi uliopita alivaa shati jeupe na kutoka mara mbili. Zote mbili Karani alimfuata, na mlio wa kucha zake sakafuni ndio ulionishtua. Bila zile kucha nisingejua.

Hospitali iko ng'ambo ya mfereji mkubwa, na njia ya mkato inapita kwenye daraja la mbao la waendao kwa miguu. Kiangazi mfereji huo ni majani na chupa tupu. Nimeripoti mafuriko mengi. Ninajua mfereji wa namna hiyo hubadilika kuwa nini, na kwa haraka gani.

Kwa hiyo kitanda cha mbwa kitakaa koridoni, mlangoni kwa baba. Daktari anataka mbwa alale vizuri. Mimi nataka kengele.

Tarehe 11 Machi

Mvua. Paa la kibaraza linavuja pale pale pa mwaka jana.

Tarehe 13 Machi

Kwa fundi wa magodoro. Karakana yake ina harufu ya gundi na vumbi la sponji, na yeye mwenyewe ana nyuzi kwenye nyusi. Nilimweleza ninachotaka. Hakucheka.

"Mteja analalaje?" akauliza.

"Ni mbwa."

"Umeshasema. Analala amejikunja au amenyooka?"

Nikafikiri. "Zamani alinyooka. Siku hizi anajikunja."

"Anayenyooka ametulia. Anayejikunja ana baridi, au anaogopa. Huyo namwekea ukingo pande tatu, apate kuegemea." Alichukua kipande cha sponji akakikandamiza kwa ngumi. "Ngumi ikifika mezani, hilo ni la kudanganyia watu. Akilala litazama, mifupa itagusa sakafu. Hili hapa, ona. Linakataa."

Nilimwomba mfuko wa turubai wenye zipu, unaoweza kuoshwa. Alipouliza kitanda kitakaa wapi, nikamwambia mlangoni. Akasema mlangoni pana upepo. Nikamwambia ni mlango wa ndani. Hakuridhika, lakini kitanda ni changu.

Tarehe 17 Machi

Kitanda kimefika. Karani amekinusa, amekizunguka, kisha amelala kwenye kigae kando yake.

"Hata mimi nisingelala hapo," akasema shangazi. "Kinanuka duka."

Baba alitoka chumbani, akasimama akikitazama. Akarudi, akaja na sweta lake la kazini, lile la bluu lililochakaa viwiko. Alipiga magoti, akalitandaza juu ya sponji, akachomeka kingo chini moja baada ya nyingine, kona zikakaa sawa kama za kitanda cha wodi. Mikono haijasahau chochote. Kisha akamwinua Karani nyonga kwa viganja viwili, polepole, akamweka.

Karani alishusha pumzi ndefu.

"Asipoona mlango hatapumzika," baba akasema. Akakigeuza kitanda kidogo. Sijui kama alijua yuko nyumbani.

Tarehe 20 Machi

Leo kimefanya kazi. Jioni, mvua ikiwa imekatika, kitasa cha baba kiligeuka. Karani alinyanyuka, kwa shida lakini alinyanyuka, kucha zikalia. Nilifika koridoni baba akiwa na mguu mmoja nje ya chumba. Nikamwambia chai iko tayari. Akaja kunywa chai.

Wiki nzima sikuwa nimelala usingizi wa maana. Leo nitalala.

Tarehe 21 Machi

Nimelala.

Tarehe 27 Machi

Mfereji umemchukua mtu. Mlinzi wa ghala, akienda kazini jana jioni kwa daraja la mbao. Nilitumwa mimi kwa kuwa ninakaa karibu. Waliompata walisema upande mmoja wa daraja hauna mkono wa kushikia tena, na maji yalikuwa bado hayajafika hata kwenye mbao. Aliteleza tu. Mke wake aliniuliza kama ni mimi ninayeandika. Nikasema ndiyo. Akaniomba niandike kwamba alikuwa anawahi kazini, hakuwa amelewa.

Nimeandika hivyo. Mhariri ameitoa sentensi hiyo kwa sababu ya nafasi. Nimempigia simu nikamwambia airudishe, na ameirudisha.

Niliporudi nilikuta shangazi anamenya viazi na redio inapiga kelele. Nilimwambia kuanzia leo redio izimwe jioni. Aliniangalia usoni, akaizima bila neno. Shangazi hajawahi kukubali kitu bila neno.

Tarehe 30 Machi

Mvua tangu alfajiri. Kila kitu ndani ya nyumba kina unyevu, hata chumvi.

Tarehe 2 Aprili

Baba ametoka na Karani hakuamka.

Nilikuwa mezani sebuleni, mgongo ukielekea koridoni, nikimalizia habari. Nilisikia geti, si kucha. Nilimkuta baba nje ya geti, shati jeupe limefungwa mpaka kifungo cha juu, mwavuli mkononi haujafunguliwa. Nilimshika mkono nikamrudisha. Alikuja kwa upole.

Karani alikuwa kitandani, amelala fofofo, amenyooka kama mkeka.

Nilidhani amekuwa kiziwi. Daktari wa mifugo alikuja, akapiga makofi nyuma ya kichwa chake, akadondosha funguo. Karani alisikia vyote.

"Masikio mazima, mama. Ni kwamba kwa mara ya kwanza baada ya miezi anapumzika bila maumivu. Mlitaka kitanda kizuri. Mmepata."

Alisema kwa furaha. Nilimshukuru, nikamsindikiza mpaka getini, na mvua ilinilowesha bila mimi kuitambua.

Kuna kingine. Nilimuuliza baba alipitaje. Alilishangaa swali. "Mtu hapiti wodini kwa viatu," akasema. "Unavua mlangoni, unavishika. Mlango unauinua kidogo kwa kitasa, bawaba hazilii. Mgonjwa akishalala haamshwi na mtu yeyote, hata daktari mkuu."

Kwa hiyo nimemweka mlinzi mlangoni kwa mtu ambaye kazi yake yote ilikuwa kupita kando ya waliolala.

Tarehe 4 Aprili

Nimetoa godoro la Karani. Nimemwekea gunia lililokunjwa, pale pale mlangoni. Nimefikiri hivi: asipostarehe sana, atalala macho.

Naandika bila kuongeza wala kupunguza. Karani alilala juu ya gunia amejikunja, na kila alipobadili upande alitoa sauti ndogo, kama ya mlango. Lakini jioni kitasa kilipogeuka, alinyanyuka. Nilimrudisha baba.

Baba alikuwa ametazama chini. "Nani amemnyang'anya mgonjwa godoro?"

Shangazi alikuwa amesimama na kitambaa cha vyombo begani, akinitazama.

Tarehe 5 Aprili

Nimelirudisha godoro. Shangazi alikuwa ameshalitoa stoo na kulipiga vumbi kabla sijaamka.

Tarehe 7 Aprili

Tumejaribu kufunga mlango kwa ufunguo. Baba alisukuma, akaita, kisha akaanza kuita kwa nguvu kwamba kuna wagonjwa ndani na moto ukitokea je. Kabla sijafika alikuwa amevunja kioo cha dirisha kwa kiganja. Kidonda kirefu, lakini hakikuchimba sana. Alinielekeza mwenyewe namna ya kukifunga, na aliniambia bandeji yangu imelegea.

Hatufungi tena.

Tarehe 9 Aprili

Shangazi ametundika vijiko viwili kwenye kitasa kwa uzi. "Vikilia, hata wafu watasikia," akasema. Jioni tulimkuta baba sebuleni akitafuta mwavuli. Vijiko vilikuwa kwenye droo ya jikoni, vimeoshwa, vimefutwa, vimelazwa pamoja na vingine.

Shangazi alicheka mpaka akakaa chini. Nami nilicheka. Baadaye nilikwenda bafuni nikafungua bomba, nikanawa uso mara mbili.

Tarehe 10 Aprili

Mvua.

Tarehe 11 Aprili

Mvua. Redio, kwa sauti ya chini, inasema mvua nyingine.

Tarehe 13 Aprili

Nitaandika kwa mpangilio.

Jana mvua ilikuwa inamwaga tangu saa tisa alasiri. Kabla jua halijazama kulikuwa giza. Nilikuwa nimehamisha meza yangu koridoni kwenyewe, uso kuelekea mlango wa baba, Karani kati yetu kwenye kitanda chake. Sikuweza kufanya zaidi ya hapo. Kisha simu ikaita, mhariri akitaka idadi ya nyumba zilizoingia maji, na mtandao ndani ulikuwa unakatika. Nilikwenda kibarazani, nikasema maneno machache, nikarudi.

Mlango wa baba ulikuwa umefungwa, bila ufunguo, kama nilivyouacha. Nilichokiona kwanza ni Karani. Alikuwa amefunikwa shuka. Shuka la baba, jeupe, limechomekwa chini ya sponji pande zote, kona zimekaa sawa. Baba alikuwa amesimama pale, akainama, akamfunika mbwa, akachomeka kona nne, kisha akaondoka. Na mbwa hakuamka.

Nilifungua chumba nikijua ni kitupu. Mlango wa jikoni wa nyuma ulikuwa wazi. Shangazi alikuwa bafuni.

Nilikimbia. Sikumbuki kuvaa viatu, lakini nilikuwa navyo. Njia ya kwenda mferejini inashuka kati ya kuta mbili za majirani, na maji yalikuwa yanashuka nayo, yananipita. Niliusikia mfereji kabla sijauona. Hausikiki kama maji. Unasikika kama lori linalopanda mlima bila kufika. Njia nzima nilikuwa namwona yule mke wa mlinzi akiniuliza kama ni mimi ninayeandika.

Baba alikuwa amesimama mwanzo wa daraja. Mguu mmoja ubaoni. Maji yalikuwa yanapita juu ya mbao, membamba, ya kahawia, yanateleza kama kioo kinachovutwa. Mkono wa kushikia ulikuwa umebaki upande wa kushoto tu, na yeye alikuwa upande wa kulia. Viatu alikuwa amevivua. Alivishika mkononi, vimebanwa visigino pamoja. Ndipo nilipoelewa: kwake yeye alikuwa ameshafika. Lile daraja lilikuwa mlango wa wodi.

Sikupiga kelele. Niliogopa atageuka ghafla. Nilisogea mpaka nikawa karibu kumgusa.

"Baba."

Aliniangalia kwa adabu. Hakunijua. "Sista," akasema, "nimechelewa. Nani amebaki ndani?"

Nilimshika kiwiko. Akakivuta. Ni mzee, lakini mikono yake imeinua watu wazima kwa miaka. Nikajua nikimvuta atanivuta, na ubao ule hautatubeba wote wawili.

Kazi yangu ni kusema yaliyotokea. Sijui kubuni, na pale sikuwa na muda wa kujifunza.

"Kuna mgonjwa mmoja," nikasema. "Hayuko upande huo. Yuko huku nyuma. Hawezi kusimama mwenyewe."

Mguu wake haukusogea. "Anaumwa nini?"

"Nyonga."

"Umri?"

"Mzee sana."

"Yuko na nani?"

"Peke yake."

Hapo aligeuza kichwa. "Amekunywa maji?"

"Sijui."

"Hujui." Mvua ilikuwa inamtiririka usoni na hakupepesa. "Umemwacha mgonjwa peke yake, hujui kama amekunywa maji, umekuja kutembea kwenye mvua."

"Ndiyo."

"Nani alikufundisha kazi?"

"Sijafundishwa vizuri," nikasema. "Nionyeshe."

Aliutoa mguu kwenye ubao. Alinipita bila kunitazama, akapanda njia kwa haraka, peku, viatu mkononi, na mimi nikamfuata nimeshika kipande cha shati lake kama mtoto sokoni. Nyuma yetu kitu kilivunjika. Sikugeuka kuangalia. Leo asubuhi wamesema daraja halipo.

Shangazi alikuwa getini, kanga imemganda mwilini. "Kaka, utaniua wewe," akasema. "Utaniua na sijala."

"Punguza sauti," baba akamwambia. "Kuna mgonjwa."

Alipiga magoti koridoni. Alimnywesha Karani kwa kiganja, akamkanda nyonga, akamgeuza upande wa pili. Kisha akatazama huku na huku, kama fundi anayepima chumba.

"Nani alimweka huyu mlangoni?"

"Mimi."

"Mlangoni ni pa kupita. Mgonjwa huwekwa pale ambapo muuguzi anamwona akiwa ameketi."

Tulikivuta kitanda ndani ya chumba chake, mimi na yeye, Karani akiwa juu yake. Alikataa pembeni, alikataa chini ya dirisha. Kikakaa kando ya kitanda chake, karibu kiasi kwamba akishusha mkono unamgusa. Akaketi. Nilisubiri ainuke. Alibaki ameketi, kisha akalala, mkono ukining'inia kwenye mbavu za mbwa.

Tangu mwanzo jibu lilikuwa ndani ya kile ninachokijua kumhusu. Nilikiweka kitanda upande usio sahihi wa mlango.

Tarehe 16 Aprili

Hajatoka. Jioni anavaa shati jeupe na kuketi. Yuko zamu.

Tarehe 18 Aprili

Kila asubuhi lazima apokelewe zamu, vinginevyo hataki kupumzika. Shangazi ndiye anayempokea.

"Umechelewa tena," baba anamwambia.

"Gari la wauguzi limeharibika."

"Kila siku linaharibika gari lenu."

"Si ndiyo maana nimenenepa, kaka? Kutembea hatutembei, tunasubiri tu gari."

Halafu baba anampa ripoti ya usiku, naye shangazi anaisikiliza amekunja mikono, anatikisa kichwa. Nimemwona akifuta macho kwa kitambaa cha vyombo. Amesema ni vitunguu. Hakukuwa na vitunguu.

Tarehe 29 Aprili

Mvua imepungua. Hofu yangu haijapungua, imehama tu chumba.

Tarehe 3 Mei

Daktari wa mifugo amemsikiliza Karani kifua kwa muda mrefu kuliko kawaida. Moyo umechoka. Nilimuuliza mpaka lini. Akasema yeye hasemi mambo hayo. Nilimwambia mimi ni mwandishi, nimezoea kusikia. "Nimekusikia, mama," akasema, "lakini sitasema."

Nilifikiri mlango ndio wa kulinda. Kumbe kinachomshikilia baba ndani ya nyumba hii ni pumzi za mbwa mzee.

Tarehe 8 Mei

Kukipambazuka nimekwenda kusimama mlangoni kwao. Kifua cha Karani kimepanda, kimeshuka. Nimerudi kitandani.

Tarehe 9 Mei

Vivyo hivyo.

Tarehe 12 Mei

Kifua kilichelewa kupanda. Nilipiga hatua moja ndani. Kikapanda.

Tarehe 19 Mei

Jua. Shangazi ameamka na magoti yamevimba, kwa hiyo nimempokea baba mimi. Nilikuwa nimejiandaa asinijue, na hakunijua.

"Mgonjwa amekunywa," akasema. "Amegeuka mwenyewe mara moja. Hana homa. Moyo wake muutazame."

"Tutautazama."

"Wa pili ndiye anayenitia wasiwasi."

"Wa pili yupi?"

"Yule mama wa chumba cha pili." Alishusha sauti, ya ripoti, ya mtu asiyetaka mgonjwa asikie. "Kukianza kupambazuka anakuja anasimama hapa, ameshika mlango, anatutazama, anashusha pumzi, anaondoka. Anadhani sijamwona. Halali yule. Anaogopa."

"Anaogopa nini?"

"Hajasema. Msimuulize. Mpeni godoro zuri, mumweke karibu na watu." Akalala, akageukia ukuta. "Na msimwache peke yake," akasema akiwa ameshafumba macho.

Mchana nimekwenda kwa fundi wa magodoro. Alikuwa anakata sponji, nyuzi zile zile kwenye nyusi.

"Mbwa tena?"

"Hapana."

"Mteja analalaje?"

"Amejikunja," nikasema.

Aliniangalia kidogo, hakuuliza ni nani. Alikwenda nyuma, akarudi na sponji nene kuliko ile ya kwanza, akaipiga ngumi mbele yangu nione inavyokataa. Kisha akauliza litakaa wapi.

Nikamwambia koridoni, mlangoni kwa baba. Pale palipobaki wazi.